Vitz inapiga stata vizuri ila haiwaki. Plagi mpya, koili zimejaribiwa, bado

Kitonga
Wakuu habari za jioni. Nina Vitz old model, cc 1300, injini ya 2NZ, otomatiki. Jumamosi nimetoka nayo Kariakoo mpaka Mbagala bila tatizo, nikaipaki. Asubuhi napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote ila haiwaki. Hata kukohoa haikohoi.

Fundi wa hapa mtaani kaja, kasema plagi zimechoka. Nimenunua nne mpya, holaa. Kaazima koili kwa mwenzake akajaribu moja moja, holaa. Sasa anasema kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa na anamjua mtu Gerezani anayeuza used. Hapo nikamwambia ngoja kwanza, nije niulize.

Betri nzima, mafuta robo tenki. Taa ya injini inawaka nikiweka swichi on. Naombeni msaada, gari ndiyo inapeleka watoto shule.

Chalii wa Njiro
Mafuta umeweka sheli gani mara ya mwisho? Kuna sheli ukijaza asubuhi mchana unaita breakdown. Chota kidogo weka kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Kama kuna maji yatakaa chini utayaona yamejitenga.

Bata Mzinga
Uza nunua bajaji 😂

Kitonga
@Chalii wa Njiro nilijaza Alhamisi, na nimeiendesha siku mbili zote haikuwahi kumisi. @Bata Mzinga asante kwa mchango wako mkubwa.

Fundi Kimya
Kitonga, simamisha manunuzi yote kuanzia sasa. Na huyo wa kontroboksi mwambie apumzike. Umesema taa ya injini inawaka ukiweka swichi on. Kwenye hizi Toyota taa hiyo inawashwa na kontroboksi yenyewe, kwa hiyo umeme unaingia na iko macho. Kontroboksi huwa zinakufa, ila ni kitu cha mwisho kabisa kukisingizia, na mara nyingi anayekisingizia ni yule ambaye hajapima chochote.

Injini ya petroli ili iwake inataka cheche, mafuta, na mgandamizo wa hewa, vyote kwa wakati wake. Gari iliyokuja nyumbani yenyewe, ikalala ikaamka haiwaki bila hata kukohoa, kwa kawaida imekosa kimoja tu kati ya hivyo. Kazi yetu ni kujua ni kipi kabla hujatoa hela tena.

Nisaidie na haya, kwa mpangilio huu huu:

Piga stata kwa sekunde kama tano, halafu hapo hapo toa plagi moja uiangalie na uinuse. Imelowa petroli au kavu?

Pili cheche. Chomoa soketi za nozeli (zinazopuliza petroli ndani ya injini) zote nne kwanza ili petroli isimwagike hovyo, chomeka plagi kwenye koili yake, chuma cha plagi kiguse injini sehemu isiyo na rangi, mtu apige stata kidogo. Shika koili kwa plastiki. Kusiwe na tambara lenye petroli wala kidumu karibu, na usisogeze uso kwenye tundu la plagi.

Tatu, sikiliza stata yenyewe. Inazunguka kwa mdundo wa kawaida, wum-wum-wum, au imekuwa nyepesi na ya haraka kuliko ulivyoizoea?

Dereva Mstaafu
Hilo la tatu vijana wengi hawalijui. Nilikuwa na Corolla 110, injini ya 5A, ikazima katikati ya daraja. Napiga stata inazunguka kama haina mzigo. Timing belt, mkanda unaoendesha valvu, ilikatika. Kwenye 5A ukibahatika unafunga mkanda mpya unaondoka, maana valvu hazigongani na pistoni. Kuna injini nyingine mkanda ukikatika unafungua kichwa.

Ila Vitz ya 2NZ ina cheni, haina mkanda. Cheni ikichoka inapiga kelele muda mrefu kabla.

Kitonga
Shikamoo mzee. Stata ina mdundo wa kawaida.

Majibu ya Fundi Kimya: plagi kavu kabisa, hata harufu haina. Cheche ipo, ya bluu, inapasuka vizuri. Nimejaribu na ya pili, ipo.

Fundi Kimya
Safi. Hapo tumeshaacha plagi, koili, na sensa ya krenki (shafti kuu ya injini) pia kwa asilimia kubwa. Kwa nini sensa? Kontroboksi haitoi cheche mpaka ipate taarifa kwamba injini inazunguka, na taarifa hiyo inaletwa na sensa ya krenki. Cheche ipo, basi taarifa inafika.

Plagi kavu maana yake petroli haiingii. Sasa thibitisha. Legeza bomba la hewa, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta, rudisha bomba, piga stata. Usipulize huku mwenzako anapiga stata, injini ikirudisha moto itakutia kwenye matatizo mengine.

Mama Tuli
Samahani kuingilia. Hiyo ya kusikiliza pampu mbona hamjaisema? Mimi kwenye Nissan yangu nikiweka swichi nasikia "zzzz" nyuma, halafu inanyamaza.

Fundi Kimya
Dada Mama Tuli, uko sahihi kwa Nissan. Ukiweka swichi on pampu inavuta kwa sekunde moja hivi kujaza presha, halafu inasubiri. Toyota nyingi za umri wa hii Vitz hazifanyi hivyo. Pampu yake inaanza pale unapopiga stata, na inaendelea mradi injini inazunguka. Ndiyo maana kuna watu wanaweka swichi on, wanatega sikio, hawasikii kitu, wanatangaza pampu imekufa wakati ni nzima. Kwenye Vitz mtu mmoja apige stata, mwingine anyanyue siti ya nyuma aweke sikio pale kwenye kifuniko cha bati.

Kitonga
Nimepuliza. IMEWAKA sekunde mbili tatu ikazima! Mke wangu ameshangilia mpaka majirani wametoka.

Nimenyanyua siti, shemeji akapiga stata, kimya. Hakuna mlio wowote wa pampu.

Kipusa wa Kigamboni
Pampu hiyo imekufa. Imeisha hiyo. Nenda Shaurimoyo utapata.

Bata Mzinga
Pampu +1

Dereva Mstaafu
Kabla hujanunua, chukua rungu la mpira au ubao, gonga tenki kwa chini taratibu huku mwenzako anapiga stata. Pampu ambayo brashi zimeisha huwa inashtuka na kufanya kazi. Ikishtuka hivyo, ujue imekwisha, iendeshe mpaka kwa fundi na usiizime njiani. Nyie vijana mnaotembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima ndio mnaoziua, pampu iko ndani ya tenki inapozwa na petroli hiyo hiyo.

Kitonga
Nimegonga, kimya. Nina multimita ya shemeji. Nimechomoa soketi ya pampu, nikapima pini mbili nene huku stata inapigwa: inasoma 10.6. Kwa hiyo umeme unafika na pampu haizunguki. Nikanunue?

Kipusa wa Kigamboni
Si nilisema.

Fundi Kimya
Subiri!

Hapo ndipo pampu nzima nyingi zinapotupwa. Umepima soketi ikiwa imechomolewa. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, inaonja tu. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili, au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoungua kontakti, itaipa multimita volti zote vizuri kabisa. Ukiweka pampu, ambayo inavuta ampea kadhaa, volti zinapotelea pale penye ubovu na pampu inapata makombo.

Rudisha soketi kwenye pampu. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi zifike kwenye pini (sindano ya kushonea inasaidia, usitoboe waya), kisha piga stata upime tena pampu ikiwa imechomekwa. Kama huwezi, chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge kwenye soketi badala ya pampu. Inatakiwa iwake kwa nguvu.

Halafu pima erthi (njia ya umeme kurudi betri) peke yake: ncha moja kwenye waya wa erthi wa pampu, nyingine kwenye hasi ya betri, pampu ikiwa imechomekwa na stata inapigwa. Isome karibu na sifuri. Ikisoma volti moja au mbili, ubovu uko upande wa erthi.

Chalii wa Njiro
Elimu hii bure kabisa. Mimi nimebadilisha pampu mbili kwenye Raum na ya tatu ndiyo ikawa waya. Sijui hizo mbili za kwanza zilikuwa na kosa gani.

Kitonga
Jamani. Pampu ikiwa imechomekwa inasoma 3.4 tu. Erthi 0.1. Balbu ya breki inawaka kama kibatari.

Fundi Kimya
Basi pampu yako haina kesi yoyote mpaka sasa. Volti saba zinaliwa njiani, upande wa chanya, kati ya betri na pampu. Ushukuru hujaenda dukani.

Njia yenyewe ni hii: betri, fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta), rilei kuu ya EFI, halafu rilei ya pampu inayoandikwa C/OPN, halafu waya mrefu unaopita chini ya zulia mpaka nyuma. Unapima hatua kwa hatua, pampu ikiwa imechomekwa na stata inapigwa. Penye volti nzuri unasonga mbele. Pale zinapoanguka, umepita ubovu.

Lakini kabla hujaanza, swali. Gari ina king'ora cha kufungwa? Imewahi kufungwa GPS? Ulimnunulia nani?

Kitonga
Nilinunua kwa jamaa aliyekuwa anaikodisha kwa madereva wa taksi za mtandao. King'ora hakuna. Ila kuna kiboksi cheusi kidogo juu ya pedeli kimefungwa na tai za plastiki, nilidhani ni cha gari.

Fundi Kimya
Hicho siyo cha gari 😀

Wenye magari ya hesabu wanafunga GPS yenye kukata mafuta. Dereva asipoleta hesabu, mwenye gari anatuma amri kwenye simu, gari haiwaki tena. Wanachofanya ni kukata waya wa pampu na kuingiza rilei katikati. Pampu inakula umeme kupitia pini mbili za ile rilei, 30 na 87a, ambazo zimegusana muda wote mpaka amri ije. Kwa hiyo hata GPS ikifa, laini ya simu ikifungiwa, mwenyewe akauza gari akasahau, ile rilei bado iko njiani na umeme wote wa pampu unapita pale miaka na miaka. Ikiwa ni ya bei chee, kontakti zinaungua polepole. Ikiwa waya zimeviringishwa tu na gundi ya umeme bila kuchomelewa, zinapata kutu, hasa nyie wa Pwani.

Chomoa betri upande wa hasi. Fuata waya mbili nene zinazotoka kwenye kiboksi, angalia zinakoingia. Piga picha kabla hujagusa.

Pwani Mchangani
Na huku Unguja ni hivyo hivyo, zaidi kwa gari za kukodisha watalii. Sie tukipata gari haiwaki, kwanza tunaangalia chini ya dashibodi kama kuna tepu nyeusi ambayo kiwanda hakikuiweka. Waya wa kiwandani umefungwa nadhifu, ukiona fundo limenona kama mtu kaviringisha kwa haraka, hapo pana jambo.

Kitonga
Nimekipata. Kuna rilei nyeusi ya pini tano pembeni ya kiboksi, imezungushiwa tepu mpaka haionekani. Nimetoa tepu: pini ya 87a imekuwa ya kahawia, plastiki inayoizunguka imeyeyuka kidogo, na waya unaoingia pale umekakamaa, ukiukunja unavunjika. Waya za GPS yenyewe zilishakatwa zamani, zinaning'inia tu.

Fundi Kimya
Ndiyo huyo. Toa rilei, unganisha zile waya mbili nene zilizokuwa zinaingia kwenye 30 na 87a. Kwanza kata zile sehemu zilizokakamaa mpaka uone shaba inayong'aa. Ikiwa waya umekuwa mfupi ongeza kipande chenye unene ule ule, usiweke cha redio. Chomelea kwa risasi, funika kwa mpira unaonywea kwa joto. Usifunge tepu peke yake, tutarudi hapa hapa mwakani.

Kitonga
IMEWAKA. Mara ya kwanza, nusu zungusho. Sasa hivi iko silensa, nimeiacha inaunguruma namsikiliza pampu, ana mlio mwembamba safi. Nimepima tena pampu ikiwa inafanya kazi: 13.5.

Fundi Kimya Mungu akubariki. Sijatoa hata shilingi kwenye pampu wala kontroboksi. Nikitaka kukutumia ya soda nifanyeje?

Fundi Kimya
Soda kanywe na shemeji, yeye ndiye kapiga stata siku nzima. Betri ichaji leo, hiyo kazi imeila.

Kipusa wa Kigamboni
Haya, nimekaa kimya.

Bata Mzinga
Pampu -1

Nakuru Yetu
Salamu kutoka Kenya. Nimefuata uzi wote. Yangu ni Nissan X-Trail ya zamani, ile T30. Ikiwa baridi inawaka bila shida. Nikiendesha mbali halafu nizime, tuseme kununua mboga, nikirudi inapiga stata na haiwaki. Nikingoja kama nusu saa hivi inawaka kama hakuna lililotokea. Fundi akija inakuwa imeshapoa, anasema hana cha kutengeneza.

Fundi Kimya
Ndugu wa Nakuru, hiyo ni kesi tofauti kabisa, usiende kwenye pampu kwanza. Ikifa kwa joto na kufufuka kwa kupoa, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya krenki au ya kemshafti (shafti inayofungua valvu). Ndani yake kuna kielektroniki ambacho kikizeeka kinakata kikipata joto. Ufanye hivi: tafuta kifaa kidogo cha kusoma kodi (namba za hitilafu), kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu. Kiache ndani ya gari. Siku ikikataa, hapo hapo usingoje ipoe, fungua ukurasa wa mizunguko ya injini kisha piga stata. Injini inazunguka kwa stata, kwa hiyo inatakiwa isome mia na kitu hadi mia mbili na kitu. Ikisoma sifuri huku unasikia inazunguka, sensa ya krenki au waya wake ndio hao. Kodi ya P0335 ni ya krenki, P0340 ni ya kemshafti. Lakini usisubiri kodi, kuna wakati haiandiki.

Ukikosa kifaa, ikikataa weka kitambaa kilicholoa maji baridi kwenye sensa yenyewe (siyo kwenye injini nzima). Ikiwaka baada ya hapo, umepata jibu. Na ukinunua, tafuta sensa nzuri hata kama ni ghali. Hizi za bei ya kutupa zinafanya hivyo hivyo baada ya muda mfupi.

Nakuru Yetu
Asante sana fundi. Nitajaribu na nitaleta majibu hapa.

Mama Tuli
Na mimi nichangie la kwangu maana lilinitesa. Gari ya mdogo wangu, alichongesha funguo wa akiba mjini, ule wa kawaida tu. Unafungua milango, unazungusha stata, gari haiwaki. Akitumia ule wa zamani inawaka. Mafundi wameshinda kwenye boneti siku nzima. Kumbe funguo ule wa zamani una chipu ndani ya plastiki na mpya hauna. Kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu chenye picha ya gari na kufuli, kilikuwa kinapepesa hata akiwa ameweka swichi on, hakuna aliyekitazama.

Dereva Mstaafu
Vizuri dada. Na wanaoosha injini kwa mashine ya presha, halafu wanashangaa gari haiwaki: maji yameingia kwenye visima vya plagi na kwenye soketi. Toa koili, puliza hewa, anika. Siyo lazima fundi.

Nyingine, injini ikilewa petroli. Umepiga stata fupi fupi nyingi, umesogeza gari uwani ukazima kabla haijapata joto, plagi zimelowa. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini kabisa, ishikilie, piga stata sekunde chache. Kontroboksi ikiona pedeli imefika mwisho wakati wa stata inafunga nozeli, inaingiza hewa tu mpaka plagi zikauke. Ikishika, achia. Wengi wanapampu pedeli kama gari ya kabureta, haisaidii kitu.

Chalii wa Njiro
Mzee, na dizeli? Hiace ya 5L ya bro wangu ina kesi hiyo hiyo.

Dereva Mstaafu
Dizeli anza na hewa kwenye mipira ya mafuta. Juu ya filta kuna pampu ya mkono, ibonyeze. Ikiwa laini muda wote haikazi, kuna mahali inavuta hewa. Ikikaza na bado haiwaki, mtu aweke swichi on wewe ushike ile solenoidi nyuma ya pampu ya dizeli, inatakiwa igonge "tik". Isipogonga, dizeli imefungwa haipiti. Pima kama umeme unafika pale, na safari hii mmeshajua kupima. Kama ni asubuhi za baridi tu, hasa huko kwenu Arusha, angalia plagi za moto.

Kitonga
Naomba swali la mwisho kwa Fundi Kimya. Kile kiboksi cha GPS nikitoe chote au nikiache? Na gari ya mtu mwenye mkopo, ikimkuta kama yangu, afanye hivi hivi?

Fundi Kimya
Chako kitoe chote, umenunua gari na kadi iko kwa jina lako, na waya zake zinazoning'inia zinaweza kugusa bodi zikaunguza fyuzi. Kila waya uliokuwa umedandia kwenye swichi, ufuate mpaka mwisho, ufunge vizuri pale ulipodandia.

Mwenye mkopo asiguse. Ile GPS ni ya aliyemkopesha na iko kwenye mkataba wake. Awapigie waliofunga waje na rilei mpya, na awasimamie wachomelee kwa risasi. Ila apime kwanza kama ulivyopima wewe, pampu ikiwa imechomekwa, ili wakija wakisema "ni pampu mheshimiwa" awe na namba mkononi.